Mkate Usiomfaa Kila Mtoto



Katika parokia yetu hapa Kolwezi yuko mtoto mmoja wa kike, mwenye miaka minane, anayejitayarisha kwa Komunyo ya kwanza. Tangu alipoachishwa ziwa hakupata nguvu. Tumbo lake lilivimba, mikono na miguu ikakonda, choo kikawa cha maji na cheupe, na wenziwe wote wakampita kwa kimo. Mama yake alimtibu malaria, akamtibu minyoo, akamtibu amiba. Dawa zilikwisha, mtoto akabaki vile vile. Sisi tunaofundisha katekisimu tulimwonea huruma. Kila Jumamosi baada ya fundisho tulimpa kipande kikubwa cha mkate na chai ya maziwa, tukamwambia mama yake: «Mama, usimnyime mkate mtoto huyu, ndio utakaomtia nguvu.» Tulisema kwa moyo mwema, lakini tulikosa.

Mwishowe damu ya mtoto ilipimwa, utumbo wake pia ukachunguzwa, na ugonjwa ukajulikana jina lake: seliaki. Daktari alimwambia mama neno ambalo hakulitazamia: tangu leo mtoto huyu asile tena ngano wala shayiri, wala chakula cho chote kilichochanganywa nazo, maisha yake yote. Jioni ile ile mama alitujia nyumbani. Hakusikitika kwa ajili ya mkate wa dukani. Aliuliza hivi tu: «Mwalimu, na mkate wa Bwana je? Mwanangu atabaki mlangoni?»

Hatukuweza kumjibu papo hapo. Tulisoma, tukamwuliza Padri, tukawauliza wazee. Yale tuliyoyapata twayaandika hapa, kwani huenda nyumba nyingine ya Wakristu itafikiwa na jambo hilo hilo kesho.

WAGANGA WALIVYOTAFUTA

Ugonjwa huu si mpya. Katika karne za kwanza baada ya Kristu, mganga Aretaeus wa Kapadokia, nchi iliyo leo ndani ya Uturuki, aliandika kwa lugha ya Kiyunani juu ya watu ambao chakula hupita matumboni mwao bila kuwalisha. Jina la ugonjwa latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya tumbo. Baada ya hapo miaka mingi ilipita bila mtu kujua chanzo chake.

Mwaka 1887 daktari Mwingereza, Samuel Gee, alifundisha juu ya ugonjwa huo katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, mjini London; fundisho lake likapigwa chapa mwaka 1888. Aliona vema kwamba kama mgonjwa aweza kupona, atapona kwa njia ya chakula. Lakini chakula gani? Hakujua. Alisimulia juu ya mtoto mmoja aliyelishwa kila siku kome wengi wa baharini kutoka Uholanzi, akastawi ajabu. Majira ya kome yalipokwisha, mtoto akaugua tena. Na Gee yule yule aliruhusu mkate mwembamba uliochomwa! Alisimama mbele ya mlango, ufunguo u mkononi mwake, asiuone.

Mwaka 1924, huko New York, daktari Sidney Haas aliandika juu ya watoto kumi. Wanane aliwalisha ndizi kwa wingi, akawakataza mkate na vyakula vya nafaka. Hao walipata nafuu. Wawili ambao hawakulishwa ndizi walikufa. Basi watu wakasema: ndizi ndizo dawa. Wazazi wengi wakanunua ndizi, na watoto wengi waliokolewa kweli. Lakini hawakuokolewa na kile walichokula. Waliokolewa na kile walichokiacha. Na kwa sababu jambo hilo halikujulikana, wengine waliodhaniwa wamepona walirudishiwa mkate, na utumbo ukaanza kuharibika tena kwa siri.

Aliyefumbua fumbo ni daktari Mholanzi, Willem Dicke, aliyezaliwa mwaka 1905. Tangu mwaka 1936 aliongoza hospitali ya watoto mjini Den Haag. Yasimuliwa kwamba mama mmoja alimwambia kuwa mtoto wake hupata nafuu akinyimwa mkate. Wengine wangalicheka, Dicke alisikiliza. Alianza kuwaondolea watoto ngano, akaandika juu ya chakula hicho mwaka 1941, wakati wa vita.

Kisha ikaja njaa kubwa. Wakati wa baridi wa mwaka 1944 hadi 1945, Wajerumani waliokuwa wakiitawala Uholanzi walizuia chakula kisifike miji ya magharibi. Watu walikula mizizi ya maua. Watu kwa maelfu walikufa. Lakini ndani ya msiba ule lilionekana jambo la kushangaza: watoto wa seliaki, waliotazamiwa kufa kwanza, hawakuzidiwa kama wengine, kulikuwa hakuna mkate. Mwisho wa Aprili 1945 ndege za Waingereza zilianza kuwaangushia wenye njaa chakula kutoka juu, na kazi hiyo wakaiita Mana, kwa jina la kile chakula cha Waisraeli jangwani. Watu walilia kwa furaha. Nao watoto wale, mkate uliporudi mezani, wakaugua tena.

Dicke hakuridhika na masimulizi. Pamoja na wenzake alipima, mwezi baada ya mwezi, uzito wa watoto na mafuta yaliyopotea katika choo, mara wakila ngano, mara wakiiacha. Mwaka 1950 alitoa kitabu chake katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Chanzo kikajulikana: ni gluteni, ile nguvu inayonata ndani ya unga wa ngano, inayofanya kinyunga kivutike na mkate uumuke. Imo pia katika shayiri na katika nafaka ya Ulaya inayoitwa kwa Kifaransa seigle. Kwa mtu mwenye seliaki, mwili wenyewe huishambulia gluteni kama adui, na katika vita hiyo huharibu vinyweleo vidogo sana vya utumbo mwembamba, ambavyo kazi yake ni kuchukua chakula na kukiingiza katika damu. Vinyweleo vikiisha, mtoto hula na bado ana njaa. Gluteni ikiondolewa, vinyweleo huota tena. Dicke alifariki mwaka 1962. Watoto aliowaponya hawana hesabu.

Mtu atasema: huo ni ugonjwa wa Wazungu. La. Mwaka 1999 wataalamu waliandika juu ya watoto wa Wasaharawi, watu wa Afrika wa upande wa jangwa la Sahara, wengi wao wakikaa kambini huko Algeria. Waliona seliaki kwa watoto zaidi ya 5 kati ya kila 100, na katika nchi nyingi za dunia wenye ugonjwa huo ni karibu 1 tu kati ya 100. Watu hao zamani waliishi kwa maziwa na nyama ya ngamia. Sasa mkate umekuwa chakula chao cha kila siku. Asili ya ugonjwa hurithiwa katika ukoo, lakini mtu asiyekula gluteni hauoni. Ugonjwa hulala usingizi. Mkate ndio unaouamsha.

UNGA ULIVYOFIKA KWETU

Sasa tuitazame nchi yetu. Wazee wetu wa Lualaba hawakujua ngano. Walitwanga mtama, uwele na ulezi. Baadaye mahindi na muhogo, vilivyotoka Amerika na kuletwa Afrika na Wareno, vilifika mpaka mashamba yetu, navyo vikapendwa. Mtama, uwele, ulezi, mahindi, muhogo: katika vyote hivyo gluteni hii ya hatari haimo. Ndiyo kusema, kwa miaka mingi mtoto kama huyu wetu angaliishi kijijini bila mtu kujua kwamba ana ugonjwa.

Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na mwaka huo huo Wabenediktini kutoka Ubelgiji walifika Katanga. Mwaka 1931 reli ya Benguela iliunganishwa na reli yetu huko Tenke, hata mzigo ulioshushwa katika bandari ya Lobito uliweza kupita Dilolo na Kolwezi bila kuzunguka. Mji wetu wa Kolwezi ulianza mwaka 1937, kwa ajili ya shaba.

Katika kambi za kazi mfanyakazi alipewa posho, na msingi wa posho ulikuwa unga wa mahindi. Ndipo bukari ya mahindi ilipokuwa mfalme wa meza zetu. Mkate ulikuwa chakula cha Mzungu, kisha chakula cha karani, kisha cha mtu ye yote aliyetaka kuonekana amestaarabika. Baba aliyepokea mshahara aliwaletea watoto mkate, nao watoto walijua siku ile ni siku njema. Serikali iliitwaa kampuni mwaka 1967, kambi zikabadilika, posho ikakoma, lakini heshima ya mkate haikuondoka. Leo hii asubuhi, huko Manika na Dilala, mkate na mandazi huuzwa kila pembe, na mama asiye na mkate wa kumpa mtoto wake huona haya.

Hapo ndipo tuliponaswa sisi wenyewe. Tulipompa mtoto mgonjwa mkate, hatukumpa chakula tu. Tulidhani twampa kilicho bora kuliko cha mama yake. Kumbe dawa ilikuwa jikoni kwa mama tangu mwanzo, katika chungu cha bukari, nasi tulikuwa tukimpita.

MAMA AANZE WAPI

Kwanza twaonya: msimnyime mtoto mkate kwa kubahatisha. Matumbo mengi yaliyovimba kwetu yatokana na njaa, minyoo, na homa za kurudi-rudi. Tena kipimo cha damu chahitaji mtoto awe bado anakula ngano. Akiisha kuiacha muda mrefu, kipimo chaweza kudanganya. Apimwe kwanza, ndipo aache.

Akiisha kujulikana, aache kabisa. Hapana mkate, mandazi, chapati, biskuti, makaroni. Kidogo tu chatosha kuharibu: kwa kanuni ya mataifa, chakula kinachoitwa kisicho na gluteni hakipasi kuwa na zaidi ya miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Kwa hiyo mafuta yaliyokaangia mandazi yasimkaangie yeye samaki. Mwiko na chungo zake ziwe safi, au ziwe zake peke yake. Unga wa mahindi ukinunuliwa uliokwisha kusagwa, mama aulize ulisagwa wapi na pamoja na nini. Na chakula cha pakiti au cha kopo kisomwe: ukiona maneno blé, orge, au seigle, kirudishe. Vile vibonge vya kukolezea mboga navyo visomwe. Vingine vina unga wa ngano ndani.

Abakiwe na nini? Abakiwa na mengi. Bukari ya mahindi au ya muhogo, wali, viazi vitamu, ndizi, maharagwe, karanga, mayai, samaki wabichi na wa kukaushwa, nyama, sombe, lengalenga, maembe na mapapai. Asubuhi apewe uji wa mahindi au wa ulezi uliotiwa karanga zilizopondwa.

Lakini tuangalie tusikose upande wa pili. Bukari peke yake, bila maharagwe wala samaki wala karanga, hudhoofisha mtoto. Akina mama wa nchi hii wamewaona watoto waliovimba miguu na nywele zao kuwa nyekundu kwa sababu hiyo. Na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha una sumu. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uliowapata watu wa Kwango katika Kongo yetu hii. Baadaye ilijulikana kwamba watokana na muhogo wa namna hiyo. Bibi zetu waliloweka muhogo siku tatu na zaidi, wakauanika juani. Hawakusoma vitabu, lakini walijua. Asiyekubali kufanya haraka jikoni huwaokoa wanawe.

MKATE WA ALTARE

Sasa twarudi kwa swali la mama.

Bwana wetu, usiku ule wa mwisho, alitwaa mkate wa nchi yake, nao Eklezia hauubadilishi. Mtaguso wa Firenze, mwaka 1439, ulifundisha kwamba Sakramenti hii hufanywa kwa mkate wa ngano. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1917 ilisema hivyo, na ile ya mwaka 1983 vile vile. Hata mwaka 1988, Roma ilipoikubali Misale ya majimbo ya Zaire, pamoja na kuwakumbuka wahenga, ngoma na shangwe zetu, hostia ilibaki ya ngano. Kwa hiyo hostia ya mahindi au ya muhogo, hata ingetengenezwa kwa upendo mwingi namna gani, haiwezi kuwa Mwili wa Kristu.

Mama aliposikia hayo aliinamisha kichwa. Tukamwambia: «Ngoja, Mama, hatujamaliza.»

Eklezia ni mama pia, na mama hamfungii nje mtoto mgonjwa. Mwaka 1995, na tena mwaka 2003, ofisi ya Roma inayolinda mafundisho ya imani iliwaandikia Maaskofu: hostia isiyo na gluteni hata kidogo haifai, lakini hostia ya ngano iliyopunguzwa gluteni, ikibaki ya kutosha kuufanya mkate kuwa mkate, ni halali kweli. Barua nyingine kutoka Roma, mwaka 2017, ilikumbusha hayo. Kule Marekani, Masista Wabenediktini wa Clyde katika jimbo la Missouri walijaribu muda mrefu kuoka hostia ya namna hiyo, nyingi zikiharibika mikononi mwao, mpaka wakafaulu. Gluteni iliyomo ni sehemu moja tu katika elfu kumi. Wagonjwa wengi waweza kuipokea bila kudhurika. Hata hivyo daktari aulizwe kwanza.

Na kama hostia ya namna hiyo haipatikani, au mtoto hawezi hata hiyo? Hapo historia yatupa jibu la zamani zaidi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, ulifundisha kwamba Kristu yumo mzima, Mwili na Damu, Roho na Umungu, katika kila umbo peke yake. Katika mkate yumo mzima. Katika divai yumo mzima. Waamini wa siku zile walikuwa wakiuliza kama apokeaye mkate tu hupungukiwa na kitu. Mtaguso ulijibu: hapungukiwi. Basi jibu lile lile lamtosha leo mtoto asiyeweza mkate. Akipokea Damu Takatifu peke yake, amempokea Bwana wote, si nusu. Barua za Roma zamruhusu mtu wa namna hiyo kupokea umbo la divai peke yake.

Liko jambo dogo la kuangaliwa. Padri huvunja hostia na kutia kipande katika kalisi yake. Kwa hiyo kalisi ile haimfai mtoto wa seliaki. Iwekwe kalisi nyingine ndogo, yenye divai kidogo, iwekwe wakfu katika Misa ile ile, wala kipande cha hostia kisitiwe ndani yake. Afadhali mtoto anywe wa kwanza. Wazazi wasione haya kumwendea Padri mapema kumweleza, wala sisi makatekista tusiseme, «Mtoto huyu anatuletea kazi.»

Mwaka 1910 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi aliagiza kwamba watoto wasicheleweshwe Komunyo wakiisha kupambanua mkate wa kawaida na Mkate wa Ekaristi. Huyu mtoto wetu apambanua kuliko wengi. Ajua mkate gani wamdhuru, na ajua Nani anamngoja altareni. Je, sisi tumcheleweshe?

Sasa imepita miezi minne tangu aache ngano. Tumbo limeshuka. Anakimbia na wenzake, na nguo za mwaka jana zaanza kumbana. Siku ya Komunyo yake bado haijafika, lakini Padri amekwisha kuweka tayari kalisi ndogo, imefunikwa kwa kitambaa cheupe katika kabati la sakristia. Mama yake aliomba kuiona. Aliitazama kitambo, akafanya ishara ya msalaba, akaenda zake sokoni.

Nasi Jumamosi hatugawi mkate tena. Twachemsha viazi vitamu na karanga, na watoto wote wala pamoja kutoka chungu kimoja.